Kwa nini ajali zinarudi palepale: jibu kwa mtendaji wa kata katika mji mdogo wa barabara kuu

Swali limetoka kwa mtendaji wa kata katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa. Anaeleza kwamba mwaka uliopita vifo vya ajali ndani ya mji wake viliongezeka sana kuliko miaka miwili iliyotangulia, na kwamba karibu vyote vilitokea katika kipande kisichofika kilomita moja. Wananchi wamegawanyika: wapo wanaolaumu madereva wa malori, wapo wanaolaumu bodaboda, na wapo wanaosema kwamba mahali pale pana jini linalotaka damu. Kamati ya maendeleo ya kata iliomba matuta na haijajibiwa. Anauliza kama ongezeko hilo lina maana au ni bahati mbaya tu, kwa nini ajali zinajirudia mahali pamoja, na aombe nini ili asikilizwe.

Ndugu Mtendaji, nakushukuru kwa swali ulilolipanga kwa utulivu katika jambo linaloumiza. Nitaanza na sehemu ya pili, kwa sababu ukishaelewa kwa nini ajali zinarudi palepale utaona pia ni hesabu gani yenye maana na ni ombi gani linalofaa kuandikwa.

Barabara kuu inapoingia katika mji mdogo hubadilika kazi bila kubadilika umbo. Kilomita tano kabla ya nyumba za kwanza kazi yake ilikuwa moja tu, kupitisha watu na mizigo iendayo mbali. Ndani ya mji inageuka kuwa mtaa, soko, kituo cha mabasi, maegesho ya malori na njia ya watoto kwenda shule, lakini lami ni ileile, upana ni uleule, na mstari mweupe unanyooka mbele kama ulivyonyooka porini. Kinachomwambia dereva kwamba hali imebadilika ni kibao cha 50 peke yake. Dereva aliyeondoka Dar es Salaam alfajiri akielekea Tunduma, na ambaye kwa saa nzima amekuwa kwenye 80 au 90, akipunguza hadi 70 anahisi gari linatambaa. Hiyo si jeuri tupu. Ni tabia ya macho na ubongo wa binadamu iliyopimwa mara nyingi na watafiti wa udereva, kwamba baada ya muda mrefu katika mwendo mkubwa mtu huukadiria mwendo wake kuwa mdogo kuliko ulivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 nje ya makazi kwa magari yanayozidi kilo 3,500, kwa hiyo katika mji wako hakikosekani kifungu cha sheria. Kinachokosekana ni barabara inayomlazimisha dereva kukitii.

Tofauti kati ya 50 na 80 huonekana ndogo kwenye dashibodi, na ndiyo maana napenda kuifanyia hesabu hadharani kila ninapokutana na kamati kama yenu. Chukua gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu, na dereva anayetumia sekunde moja na nusu tangu amwone mtoto akiingia barabarani hadi mguu wake ukanyage breki. Kwa kilomita 50 kwa saa atakuwa amekwenda mita 21 kabla breki hazijaanza kushika, na mita nyingine 16 hadi kusimama, jumla mita 37. Kwa kilomita 80, mita 33 zinakwisha kabla ya breki, kisha gari linahitaji mita 41 zaidi, jumla mita 74. Sasa mweke mtoto huyo mita 37 mbele ya gari. Dereva wa kwanza anasimama miguuni pake. Wa pili ndiyo kwanza amefunga breki kwa mita nne, na anamgonga akiwa bado kwenye kilomita 76 kwa saa, yaani karibu mwendo uleule aliokuwa nao kabla ya kumwona. Lori lenye shehena linahitaji umbali mrefu kuliko huo. Mwili wa mwenda kwa miguu huwa na nafasi nzuri ya kupona ukigongwa kwa kilomita 30 au chini yake. Kwa 76 nafasi hiyo karibu haipo. Shirika la Afya Duniani limeieleza hali hiyo kwa kiwango cha barabara nzima: mwendo wa wastani ukipanda kwa 1%, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa takribani 4%.

Jirani yenu ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambamo barabara hii hupita kwa takribani kilomita 50. Humo kuna matuta, kuna kikomo cha mwendo, na anayemgonga mnyama hulipa faini. Madereva walewale mnaowalaumu hupunguza mwendo humo. Nalitaja hili bila kejeli kwa tembo na twiga, kwa kuwa linaonyesha kwamba mwendo wa madereva wa barabara hii unaweza kudhibitiwa pale mamlaka zinapoamua.

Ajali za mji mdogo wa barabara kuu huwa za aina chache, na kila aina ina saa yake, mahali pake na dawa yake. Ya kwanza, na mara nyingi ndiyo inayoua zaidi, ni ya mwenda kwa miguu anayevuka kati ya kituo cha mabasi na vibanda vya upande wa pili, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Saa hizo kila kitu hukutana: mwanga umepungua, mabasi yamesimama, mamantilie wamewasha majiko, watu wanarudi kutoka shamba, na malori yameegeshwa pande zote mbili kwa namna ambayo anayevuka hujitokeza ghafla kutoka mbele ya bodi la lori. Dereva anayekuja haoni mtu. Anaona ubavu wa lori, halafu mtu yuko mbele ya bampa. Mara nyingi anayevuka naye anapofushwa na taa za gari la upande wa pili. Ukiichora ramani ya ajali hizi utaziona zimejikusanya kwenye mita 200 za mbele ya stendi, hata kama kivuko chenye mistari ya pundamilia kipo mita 150 mbele, kwa sababu watu huvuka pale wanapohitaji kufika. Kivuko kilichowekwa mbali na njia ya watu hakitumiki, na asiyekitumia hulaumiwa kwa kosa la aliyekichora.

Aina ya pili ni ya bodaboda anayeingia barabara kuu kutoka barabara ya vumbi. Hapa chunguza vitu vitatu: pembe ambayo barabara ndogo inaikutia kubwa, kibanda au mbao za matangazo zinazoziba macho, na ukingo wa lami. Ukingo uliomomonyoka kiasi cha kuacha ngazi ya sentimita 10 humlazimisha mwendesha pikipiki kuingia kwa nguvu na kwa pembe kali, akiwa amelikazia macho gurudumu lake la mbele badala ya gari linalokuja. Taarifa ya polisi itaandika kwamba aliingia barabara kuu bila kuchukua tahadhari, jambo ambalo ni kweli, lakini anayefuata atafanya vilevile.

Ya tatu hutokea usiku wa manane, gari linapoingia nyuma ya lori lililoharibika au lililoegeshwa nusu kwenye lami bila taa wala viakisi mwanga. Sote tunayajua matawi ya miti yanayowekwa barabarani badala ya pembetatu, pamoja na mawe ya kuzuia magurudumu ambayo utingo huyaacha pale lori linapoondoka, na ambayo saa moja baadaye humuua mwendesha pikipiki. Ya nne, ajali za uso kwa uso kwenye kona na miteremko ya nje ya mji, ni mbaya kuliko zote kwa idadi ya wanaokufa kwa mara moja, lakini si za mji. Nakushauri uzitenge katika hesabu yako, kwa sababu dawa yake ni tofauti kabisa. Nchini Kenya, kwenye barabara ya Nakuru hadi Eldoret, eneo la Salgaa na Sachangwan lilijulikana kwa ajali za namna hiyo. Watu 36 walikufa huko Migaa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, na hatua iliyofuata ilikuwa kujenga kizuizi cha kutenganisha magari ya pande mbili. Kizuizi kama hicho katikati ya mji wako kisingemsaidia mtu anayevuka kwenda sokoni. Pengine angekiruka usiku huku akiwa na mzigo kichwani.

Utaona kwamba sijatumia maneno «uzembe wa dereva» kama maelezo ya sababu, ingawa ndiyo hujaza taarifa nyingi. Sikatai kwamba uzembe upo, wala ulevi, wala usingizi. Lakini madereva hao hao, na uzembe wao huo huo, wamepita katika vijiji vingi kabla ya kufika kwako, na huko hawakuua mtu. Sababu inayopatikana kila mahali haiwezi kueleza kwa nini jambo linatokea mahali pamoja. Kwa hiyo kila unapoambiwa kwamba chanzo ni dereva, uliza ni kitu gani cha mahali pale kinachoyageuza makosa ya kawaida kuwa kifo. Kwa mtazamo huo, wananchi wanaosema kwamba pana jini siwadharau hata kidogo. Wamefanya sehemu ya kwanza ya uchunguzi wa ajali, ambayo ni kutambua kwamba vifo havikusambaa ovyo bali vina makazi, na wameitambua bila karatasi wala ramani. Nenda ukawaulize hasa ni hatua ngapi kutoka mti gani, ni saa ngapi, na marehemu alikuwa akitoka wapi kwenda wapi. Majibu yao mara nyingi huwa sahihi kuliko daftari.

Sasa nije kwenye ongezeko la mwaka uliopita. Katika mji mdogo idadi ni ndogo, na idadi ndogo huyumba sana bila sababu. Tuchukulie mji ambao kwa wastani wa miaka mingi hupata ajali 4 zenye kifo kila mwaka, na ambao barabara yake, magari yake na watu wake hawabadiliki kabisa. Kwa kanuni za uwezekano, katika mji huo mwaka mmoja kati ya tisa utakuwa na ajali 7 au zaidi, na takribani mwaka mmoja kati ya minne utakuwa na ajali 2 au pungufu. Anayelinganisha mwaka wa 2 na mwaka wa 7 ataapa kwamba kuna jambo kubwa limetokea, kumbe hakuna. Ndiyo maana sitaki uandike kwenye barua yako kwamba vifo «vimeongezeka mara tatu». Mhandisi anayeijua kazi yake ataishika sentensi hiyo na kuiacha barua yote. Sababu nyingine ni kwamba mwaka mbaya sana mara nyingi hufuatwa na mwaka nafuu, hata pasipofanyika kitu; idadi inarejea tu kwenye wastani wake. Wakiletwa trafiki wawili baada ya mwaka mbaya, ajali zikapungua, watu watasema trafiki wamefaulu, na wakiondolewa hakuna atakayejua kama walisaidia au la.

Hoja yako yenye nguvu ni kwamba ajali zinatokea mahali pamoja. Watu wakifa mwaka baada ya mwaka ndani ya mita 800, kwa saa zilezile na kwa namna ileile ya kuvuka, hapo bahati haitoshi kuwa maelezo, hata kama jumla ya kila mwaka inapanda na kushuka. Kusanya miaka mitatu, ikiwezekana mitano. Hesabu ajali badala ya maiti, kwa kuwa basi moja linaweza kuharibu takwimu za miaka kumi. Ingiza pia ajali za majeruhi, hasa waliovunjika mifupa au kulazwa. Hizo ni nyingi kuliko za vifo, kwa hiyo mwelekeo wake huonekana mapema na kwa uhakika zaidi.

Usitegemee daftari moja. Kwa mwaka 2016 taarifa rasmi za Tanzania zilionyesha vifo 3,256 vya barabarani, wakati Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 16,000. Pengo kama hilo halina maana kwamba kuna mtu aliyeficha. Aliyekufa hospitali ya mkoa baada ya wiki mbili huenda hakurudishwa katika kumbukumbu za kituo cha polisi kilichopima ajali, ingawa kwa desturi ya kimataifa kifo kinachotokea ndani ya siku 30 huhesabiwa kuwa cha barabarani. Na bodaboda aliyeanguka peke yake usiku mara nyingi hupelekwa nyumbani moja kwa moja. Pitia kumbukumbu za polisi kwa ruhusa ya mkuu wa kituo, rejesta ya kituo cha afya na fomu za polisi za majeruhi (PF3) zilizopokelewa huko, halafu kaa na wenyeviti wa vitongoji na viongozi wa vijiwe vya bodaboda. Linganisha tarehe ili ajali moja isihesabiwe mara mbili. Majina hayahitajiki; unahitaji tarehe, saa, mahali kwa kutaja nguzo ya umeme au jiwe la kilomita lililo karibu, nani aligongwa na chombo gani, kila mmoja alikuwa akielekea wapi, na kama kulikuwa na mwanga au mvua. Andika pia kama ilikuwa siku ya gulio.

Jambo moja la nchi nzima lazima uliangalie katika orodha hiyo. Kwa takribani miaka 30 mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Kuanzia Oktoba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilianza kutoa ratiba za saa 24. Mji ambao zamani ulipitiwa na malori tu baada ya saa 4 usiku sasa una mabasi yanayosimama, abiria wanaoshuka kununua chakula, na wauzaji wanaokesha. Kwa hiyo ajali zako za usiku wa manane zigawe kabla na baada ya tarehe hiyo. Zikiwa zimeongezeka baada yake, hilo ni ongezeko lenye maana kweli, kwa sababu lina sababu inayojulikana nyuma yake, na linabadilisha ombi: taa za barabarani zinapanda juu ya orodha.

Halafu pima mwendo. Kamati nyingi hudhani kwamba kazi hii ni ya askari wenye tochi ya kupimia mwendo peke yao, kumbe simu na futi ya fundi vinatosha. Pima mita 100 kando ya barabara kati ya alama mbili zinazoonekana, kaeni mbali na lami, msivae chochote cha kufanana na askari, na pimeni muda wa kila gari kupita kutoka alama hadi alama. Sekunde 7.2 ni kilomita 50 kwa saa, sekunde 4.5 ni kilomita 80, sekunde 3.6 ni kilomita 100. Chagueni magari yasiyozuiliwa na gari jingine mbele, angalau 100 mchana na 100 usiku. Yapangeni kuanzia la polepole hadi la kasi, kisha soma mwendo wa gari la 85 kati ya hayo 100. Wahandisi wa barabara kila mahali huitumia namba hiyo, na ukiandika kwamba mbele ya stendi asilimia 85 ya magari hupita kwa mwendo usiozidi 78, hivyo yapo 15 katika kila 100 yanayoupita mwendo huo, ilhali kikomo ni 50, umezungumza lugha yao. Kosa la kidole kwenye simu lipo, lakini kwa magari 100 halibadilishi picha.

Kuhusu la kuomba, naanza na mfano wa mji mdogo mwingine. Suhum, nchini Ghana, upo kwenye barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, na njia panda yake ilikuwa maarufu kwa ajali. Pale ziliwekwa rasta, vile vituta vyembamba vinavyotetemesha gari, na katika kipindi cha Januari 2000 hadi Aprili 2001 ajali zilipungua kwa takribani 35%, vifo kwa takribani 55% na majeraha makubwa kwa 76%. Nilishaeleza kuhusu kurejea kwenye wastani, kwa hiyo nisingeahidi asilimia hizo kwa mji wowote mwingine: kipindi kilikuwa kifupi, na Suhum ilichaguliwa kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya sana. Hata ukipunguza nusu yake, bado ni matokeo makubwa kwa kazi ya gharama ndogo. Angalia pia kwamba vifo vilipungua kuliko ajali. Ndivyo inavyokuwa mwendo unaposhuka, kwani magari yanaweza kuendelea kugongana lakini watu wanaondoka wakiwa hai.

Rasta peke yake, hata hivyo, humwamsha dereva bila kumlazimisha, na dereva wa lori akizizoea hupita juu yake kwa mwendo uleule. Ombi lako liwe la mfululizo: rasta mita 150 hivi kabla ya nyumba za kwanza pande zote mbili pamoja na kibao kikubwa cha 50, kisha tuta lenye mgongo mpana karibu na stendi, na kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta lenye sehemu tambarare juu ambapo ndipo watu wanavuka, mahali wanapovukia sasa. Tuta zuri la mviringo lina kimo cha sentimita 10 na upana wa karibu mita 3.7, fupi kuliko hapo huvunja springi na kuumiza migongo ya abiria bila kuongeza usalama. Tuta linahitaji rangi, kibao na mwanga. Naelewa uchungu wa wananchi wanaochimba au kumwaga kifusi barabarani siku ya maziko, lakini tuta la namna hiyo, lisilo na alama, ndilo linalomwangusha mwendesha bodaboda usiku unaofuata. Tafadhali lizuie.

Kazi ngumu kuliko matuta ni ya vibanda. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho nchini Kenya, lori lilikosa mwelekeo likawaingia wafanyabiashara wa kando ya barabara na magari yaliyosimama, wakafa watu zaidi ya 50. Serikali ikaagiza wauzaji waondoke barabarani. Agizo kama hilo hutolewa kila baada ya msiba, na kwa kawaida baada ya muda wauzaji hurudi, kwa sababu wanafuata basi. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu, mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo nafasi ipo. Anza kwa kulihamisha basi: jengeni egesho la mabasi lililojitenga na lami, lenye ukingo, na vibanda vipangwe nyuma yake, si mbele. Muuzaji wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni au wa nyanya wa Ilula hana sababu ya kusimama kwenye ukingo wa lami iwapo mteja wake anashuka mita 15 ndani. Malori nayo yanahitaji uwanja wa kuegesha, hata wa changarawe, mwishoni mwa mji; halmashauri inaweza kutoza ushuru hapo na kulipia taa za stendi.

Mengine nitayapita haraka. Trafiki mwenye tochi husaidia akiwepo, na manufaa yake huishia kilomita chache mbele, pengine mapema zaidi, kwa kuwa madereva hupeana ishara za taa. Wiki ya Nenda kwa Usalama ina heshima yake, lakini mafunzo kwa watoto bila kubadilisha barabara wanayovuka yana matokeo madogo. Mradi wa shirika la Amend uliorekebisha mazingira ya barabara karibu na shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, na ambao ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, uliunganisha vyote viwili: vivuko, njia za miguu na matuta pamoja na masomo darasani. Barabara ya mchepuko inayouzunguka mji itachukua miaka mingi, na ikifika biashara itahamia kwenye mchepuko, pamoja na ajali.

Barua yako iende kwa Meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa sababu barabara kuu ni yake. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wahusishwe kwa zile barabara za vumbi zinazoingia, maana ukingo uliomomonyoka na pembe ya njia panda vinagusa pande zote mbili. Nakala wapelekee mkuu wa kikosi cha usalama barabarani wa mkoa na mkuu wa wilaya, pamoja na kamati ya usalama barabarani. Iwe na kurasa tatu tu: mchoro wa kipande hicho wenye nukta ya kila ajali na saa yake, jedwali la mwendo mliopima, na ombi lenye mpangilio wa kipaumbele, ukianza na kivuko kilichoinuliwa mbele ya stendi ili kikipatikana kimoja tu, kiwe hicho. Waombe waje wakague usiku, saa 1 hadi saa 3, si mchana.

Baada ya kazi kufanyika, msisubiri mwaka mzima kuhesabu vifo ili kujua kama imefaulu. Rudini kwenye alama zilezile za mita 100 baada ya wiki mbili, na tena baada ya miezi sita, mpime magari 100 kwa saa zilezile. Mwendo wa gari la 85 ukiwa umeshuka hadi 50 au chini yake, kazi imefanyika, hata kama mwezi huo huo kumetokea ajali. Ukiwa bado uko 70, tuta ni dogo au liko mahali pasipofaa, na mnayo namba ya kurudi nayo ofisini.